Mtihani wa Kuchagua Jibu: Ulizaliwa Wapi, na kwa Sababu Gani?

Katika nyumba nyingi za Kongo yuko kijana ambaye amekwisha kuketi siku nne mbele ya karatasi za mtihani wa serikali. Chini ya kila swali alikuta majibu kadhaa yamepangwa kwa namba. Moja ni la kweli, mengine ni ya uongo. Kazi yake ilikuwa kuonyesha lile la kweli, basi. Hakuandika sentensi hata moja. Wazee wakiitazama karatasi hiyo hushangaa. Wengine husema: «Sisi tuliandika kurasa nzima, hawa wanatia alama tu.» Wengine hufikiri kwamba desturi hiyo imeletwa na kompyuta. Sivyo. Ilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mahali ambapo hapakuwa na kompyuta hata moja, na ilianza kwa sababu ambayo kila mwalimu mwenye dhamiri anaijua: hauamini mkono wake mwenyewe.

Niruhusuni kutoa ungamo dogo. Nilifundisha miaka kadhaa katika shule ya kijiji. Jioni moja nilikuwa nasahihisha insha za watoto hamsini kwa mwanga wa taa ya mafuta, na pointi nilikuwa naziandika katika orodha ya pembeni, si ndani ya madaftari. Daftari moja nililirudisha kwa bahati mbaya katika rundo la yale yasiyosomwa. Kesho yake nikalisoma tena bila kulitambua. Jana nilikuwa nimempa mtoto yule pointi 7 juu ya 10. Leo nikampa 5. Mtoto ni yule yule, maneno ni yale yale. Aliyebadilika ni mimi: jana nilikuwa nimekula vizuri, na leo kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilipoona majina mawili katika orodha nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa maana nilijiuliza: na wale arobaini na tisa wengine?

Ugonjwa huo ni wa zamani. Wachina, ambao walichagua wakubwa wa serikali yao kwa mitihani tangu karne ya saba mpaka mwaka 1905, waliujua sana. Waliogopa kwamba msahihishaji atatambua mwandiko wa mwana wa rafiki yake. Kwa hiyo walilifunika jina la mwandishi, tena wakaweka makarani wa kuinakili kila karatasi upya kabla ya msahihishaji kuiona. Padri Matteo Ricci, Myezuiti aliyefia Beijing mwaka 1610, aliyaeleza mambo hayo katika maandishi yake, na watu wa Ulaya walipoyasoma walistaajabu. Wayezuiti wenyewe hawakuwa wageni katika kazi hiyo. Katika kanuni za shule zao, zinazoitwa Ratio Studiorum, za mwaka 1599, mna sheria za mtihani wa kuandika: kunyamaza, kuja na vifaa vyako mwenyewe, kumaliza kwa wakati. Na iko moja ambayo kila mwalimu wa leo ataifurahia: wakiketi wawili pamoja na karatasi zao zikafanana, wote wawili washukiwe, kwa kuwa haijulikani ni nani aliyemwibia mwenzake.

Lakini katika shule nyingi za Ulaya na za Marekani mtihani ulikuwa wa mdomo. Wageni wakubwa wanakuja, watoto wanasimama mmoja mmoja, huyu anaulizwa swali jepesi, yule anaulizwa gumu. Mtoto mwenye aibu anapotea. Mwenye ulimi mwepesi anasifiwa. Mwaka 1845, katika mji wa Boston, watu wa kamati ya shule walileta desturi mpya. Aliyekuwa nyuma yao ni Horace Mann, mwangalizi mkuu wa shule katika jimbo lile la Massachusetts. Walichapa maswali, wakayapeleka katika shule za mji bila kutoa habari mbele, na watoto wakaandika majibu ya maswali yale yale kwa muda ule ule. Matokeo yalikuwa mabaya sana. Watoto waliochaguliwa kuwa bora walishindwa sehemu kubwa ya maswali. Mann akasema kwamba sasa haki imepatikana: swali moja kwa wote, na ushahidi umebaki katika karatasi.

Yafaa kusema pia kwamba Mann alikuwa na ugomvi na waalimu wakuu wa Boston tangu mwaka uliotangulia, na kwamba mtihani ule ulikuwa kwake fimbo nzuri ya kuwapigia. Tangu siku ya kwanza, mtihani uliochapwa ulipima watoto na kuwahukumu waalimu wao kwa mara moja. Jambo hilo halijakoma mpaka leo.

Basi karatasi ilishinda mdomo. Lakini karatasi lazima isomwe na mtu, na hapo ugonjwa wetu unarudi. Mwaka 1888 Francis Edgeworth, mtu wa hesabu na wa elimu ya uchumi, aliuliza swali ambalo waalimu wengi hawapendi kuulizwa: pointi inayotolewa na msahihishaji mmoja ina thamani gani? Ilitafutwa karatasi moja ya Kilatini, ikasomwa na wasahihishaji 28, wote watu wenye kujua kazi. Mmoja alitoa 45 juu ya 100. Mwingine alitoa 100. Wengine walitawanyika katikati. Edgeworth aliona kwamba katika mashindano makubwa ya kuingia kazi za serikali, wako wengi waliokuwa karibu na mstari, na kwao kupita au kuanguka kulikuwa kama kura tu.

Huko Marekani walikuja wawili wengine, Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1912 walichukua karatasi mbili za Kiingereza za wanafunzi wa sekondari, wakazitolea nakala zenye mwandiko ule ule, wakazipeleka katika shule kama 200. Walirudishiwa majibu 142 yaliyofaa. Karatasi ya kwanza ilipata toka 64 hadi 98. Ya pili toka 50 hadi 97. Mwanafunzi mmoja, kwa maneno yale yale, hapa ni kijana hodari, pale ni mwenye kurudia darasa. Watu wakajitetea: «Kiingereza ni jambo la ladha, jaribuni hesabu.» Wakajaribu jiometria mwaka 1913. Tofauti ikawa kubwa zaidi: wako waliotoa pungufu ya 30, na wako waliotoa zaidi ya 90. Sababu yake ilikuwa rahisi. Mmoja alikata pointi kwa uchafu wa michoro, mwingine hakuitazama. Mmoja alitaka jibu, mwingine alitaka njia.

Nimekaa sana juu ya habari hizi kwa kuwa bila kuzijua mtu hawezi kuelewa yanayofuata. Waliobuni mtihani wa kuchagua jibu hawakuwa watu wavivu, wala hawakudharau kuandika. Waliona kwamba mtoto anahukumiwa na hali ya tumbo la mwalimu.

Jimbo la Kansas liko katikati ya Marekani, nchi ya tambarare, ya ngano na ya ng'ombe. Katika mji mdogo wa Emporia palikuwa na shule ya kutayarisha waalimu, na ndani yake alikuwako mtu aitwaye Frederick Kelly, aliyezaliwa mwaka 1880. Mwaka 1914 alitoa kitabu cha udaktari wake juu ya pointi za waalimu, jinsi zinavyotofautiana na jinsi ya kuzisawazisha. Alikuwa amekwisha kuona yale ambayo Starch na Elliott waliyaona. Tena aliona shida nyingine, ile ya wingi. Mwaka 1890 sekondari za serikali huko Marekani zilikuwa na wanafunzi kama 200,000. Mwaka 1915 walikuwa zaidi ya milioni 1. Watoto wa wahamiaji waliingia shuleni kwa maelfu, sheria ziliwakataza wazazi kuwapeleka viwandani, na waalimu hawakutosha. Nani atasoma karatasi zote hizo?

Kelly alitaka kupima kusoma kwa macho, yaani kusoma kimya na kuelewa. Akatengeneza mtihani wa dakika 5 tu, ulioitwa Mtihani wa Kansas wa Kusoma Kimya. Mfano uliowekwa mbele ya watoto umejulikana sana baadaye. Majina ya wanyama wanne yameandikwa: ng'ombe, chui mwenye milia, panya, mbwa mwitu. Mtoto anaambiwa azungushe mstari kwenye mnyama anayefaa katika shamba. Akizungusha ng'ombe, amepata. Akizungusha mwingine, amekosa. Hakuna nusu.

Hilo neno, hakuna nusu, ndilo moyo wa kazi ya Kelly. Alijiwekea sharti kwamba kila swali liwe na jibu moja tu, na kwamba jibu hilo liwe kweli kabisa au uongo kabisa. Kwa sharti hilo, msahihishaji hana tena cha kufikiri. Anashika orodha ya majibu, anatazama mistari, anahesabu. Mwalimu wa Emporia, mwalimu wa New York, mwenye njaa na mwenye shibe, wote wanafika kwenye hesabu moja. Kelly mara nyingi huitwa baba wa mtihani wa kuchagua jibu. Labda ingefaa kusema kwamba alikuwa mmoja wa ndugu kadhaa, maana wataalamu wengine wa miaka ile walikuwa wakitafuta njia hiyo hiyo. Lakini yeye ndiye aliyeipa sura tunayoitambua.

Mtu atauliza: na anayebahatisha? Swali ni la haki. Tuseme kuna maswali 40, kila moja lina majibu 4. Mtoto asiyejua kitu, akizungusha bila kusoma, atapata kama 10 na kukosa kama 30. Kwa hiyo wataalamu walitunga dawa: kila kosa linakata theluthi moja ya pointi. Makosa 30 yanakata pointi 10, na mbahatishaji anabaki na sifuri yake. Wako waliotumia dawa hiyo, wako walioiacha kwa kuwa inamtisha hata mtoto anayejua lakini ana woga.

Jambo lingine ambalo watu hawalioni ni kazi ya majibu ya uongo. Kuandika jibu la kweli ni rahisi. Kuandika uongo wenye sura ya kweli ni kazi ya fundi. Chukua hesabu ya nusu na theluthi zikijumlishwa. Jibu ni 5/6. Mtunzi mvivu ataweka pembeni namba zozote. Mtunzi hodari ataweka 2/5, kwa ajili ya mtoto anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ataweka 1/6, kwa ajili ya yule aliyezidisha badala ya kujumlisha. Ataweka 1/5, kwa ajili ya yule aliyejumlisha chini tu na kuacha ya juu. Kila uongo ni alama ya mguu wa kosa linalojulikana. Mwalimu akitazama ni uongo gani uliowavuta watoto wake, atajua amefundisha vibaya wapi. Hiyo ni faida ya kweli, na nasikitika kwamba haitumiwi sana: tunahesabu pointi, tunatupa karatasi.

Pengine mtihani wa Kelly ungebaki katika shule za Kansas na za majirani, kama si vita. Mwezi wa Aprili 1917 Marekani iliingia katika vita vya 1914–1918. Jeshi lilikuwa dogo, likatakiwa kuwa la mamilioni kwa upesi. Nani awe ofisa, nani aende mizingani, nani arudishwe nyumbani? Wataalamu wa elimu ya akili, wakiongozwa na Robert Yerkes, walikutana mwezi wa Mei katika mji wa Vineland, jimbo la New Jersey. Mwanafunzi mmoja wa California, Arthur Otis, alikuwa ametunga mtihani wa akili ambao watu wengi wanaweza kuufanya kwa pamoja, na kusahihishwa bila kufikiri. Wakauchukua, wakautengeneza. Mtihani wa wenye kusoma uliitwa Alfa. Ule wa wasiojua kusoma, au wasiojua Kiingereza, uliitwa Beta, na ulikuwa wa picha. Mpaka mwanzo wa mwaka 1919 watu zaidi ya milioni 1 na laki 7 walikuwa wamepimwa. Msahihishaji aliweka juu ya karatasi kipande kilichotobolewa, akahesabu alama zilizoonekana katika matundu. Karani yeyote aliweza.

Hebu tutazame maswali yenyewe. Katika Alfa askari aliulizwa kuhusu Crisco, kama ni dawa, au ya kuua vijidudu, au ya meno, au chakula. Crisco ilikuwa mafuta ya kupikia yaliyouzwa katika maduka ya Marekani. Aliulizwa pia kuhusu mchezaji mashuhuri wa besiboli. Katika Beta askari alionyeshwa picha ya uwanja wa tenisi usio na wavu, akatakiwa kuchora kilichopungua. Sasa mfikirie kijana wa Sicilia au wa Polandi aliyeshuka melini miaka miwili iliyopita, ambaye mama yake hupika kwa mafuta ya zeituni au ya nguruwe. Ni kama kumshika Mzungu aliyefika Bukavu jana na kumwuliza: sombe ni nini? Nguo, ngoma, dawa, au mboga? Akizungusha ngoma, je, tuandike kwamba hana akili?

Ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 1923 Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton alitoa kitabu juu ya hesabu zile za jeshi. Akapanga mataifa kwa ngazi: watu wa kaskazini ya Ulaya juu, Waitaliani na Wapolandi chini, watu weusi chini zaidi. Mwaka 1924 sheria ilifunga mlango wa Marekani mbele ya wahamiaji wa kusini na mashariki ya Ulaya, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki na Wayahudi. Si mtihani peke yake uliozaa sheria ile. Watu wengi waliitaka kwa sababu nyingine. Lakini mtihani uliipa vazi la elimu.

Mwaka ule ule wa 1924 alisimama kijana mweusi wa miaka isiyofika 20, jina lake Horace Mann Bond. Tazama jina: wazazi wake walimwita kwa heshima ya yule Mann wa Boston. Bond alichukua hesabu zile zile za jeshi, akazipanga kwa majimbo. Akaonyesha kwamba pointi za askari zilifuata ubora wa shule za jimbo lake. Tena akaonyesha kwamba askari weusi wa Illinois, jimbo lenye shule nzuri, waliwapita askari weupe wa majimbo kadhaa ya kusini. Kama mtihani unapima akili ya kuzaliwa, mambo hayo yatoke wapi? Hakuhitaji hasira, hesabu ilitosha. Brigham mwenyewe, mwaka 1930, aliandika waziwazi kwamba kitabu chake cha kwanza hakikuwa na msingi. Namheshimu kwa neno hilo, kwa maana si wengi wanaolisema. Lakini sheria haikufunguliwa kwa ungamo lake, na mtihani mwingine aliousimamia, ule wa kuingia vyuo vikuu, uliofanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 na vijana kama 8,000, uliendelea kukua, na upo mpaka leo kwa jina la SAT, ingawa umebadilishwa mara nyingi.

Karatasi bado zilihesabiwa na macho ya watu. Aliyebadilisha hilo alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Ironwood, jimbo la Michigan, aitwaye Reynold Johnson. Tunaiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi. Mna grafiti, jamaa ya makaa, na grafiti hupitisha umeme. Johnson alifikiri hivi: mtoto akitia alama nyeusi mahali pa jibu, alama hiyo ni kama waya mdogo. Mashini ikigusa mahali hapo, umeme utapita. Pasipo alama, hautapita. Jumla ya umeme itasukuma sindano, na sindano itaonyesha pointi. Kampuni ya IBM ilimwajiri mwaka 1934, na mwaka 1938 ikatoa mashini yake, iliyopewa namba 805. Mtu mwenye mazoea aliweza kupitisha karatasi kama 800 kwa saa. (Johnson huyo huyo aliongoza baadaye kazi ya kutengeneza sahani ya kwanza ya kutunzia maandishi ya kompyuta, mwaka 1956. Mwalimu wa kijiji asijidharau.)

Kwa mawazo yangu, jambo liligeuka hapo. Kelly alitafuta namna ya swali ili amwondolee mtoto udhalimu. Baada ya mashini, shule zilianza kutafuta maswali yanayoipendeza mashini. Kile ambacho sindano haiwezi kukisoma, kidogo kidogo kikaacha kuulizwa, na kile kisichoulizwa kikaacha kufundishwa.

Tena udhalimu wenyewe haukufa, ulihama. Zamani ulikaa katika mkono wa anayesahihisha, ambaye mtoto aliweza kumwona na baba aliweza kumwendea. Sasa umehamia kwa anayetunga swali, ambaye hakuna anayemwona. Mwaka 1959 baba mmoja wa Uingereza aliandikia gazeti la Times la London. Mtoto wake katika mtihani wa kuingia shule alikuwa ameulizwa ni upi ulio tofauti kati ya michezo minne: kiriketi, mpira wa miguu, biliadi na hoki. Baba alisema ni biliadi, kwa kuwa huchezwa ndani ya nyumba. Wengine walisema ni kiriketi, maana katika mingine mitatu mpira huingizwa wavuni au mfukoni. Wengine walisema ni mpira wa miguu, maana hauchezwi kwa fimbo. Wasomaji wakaandika barua, kila mmoja na sababu yake, na sababu zote zilikuwa nzuri. Jaribuni nyumbani kwenu jioni, mtaona. Lakini katika karatasi moja tu ndiyo kweli, na hakuna mahali pa kuandika kwa nini.

Banesh Hoffmann, mtu wa hesabu aliyefanya kazi pamoja na Einstein, aliikuta habari ile, na mwaka 1962 akatoa kitabu kizima dhidi ya mitihani hiyo. Shitaka lake kubwa ni kwamba inamwumiza mtoto mwenye kufikiri sana. Mwenye akili ya kawaida anaona jibu moja, anazungusha, anaendelea. Mwenye akili ya mbali anaona kwamba na jibu la pili lina ukweli ndani yake, anasita, na dakika zinakwisha.

Na Kelly? Mwaka 1928 aliitwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Idaho. Huko hakuhubiri habari za mistari na ng'ombe. Alitaka vijana wapewe elimu pana, wajifunze kufikiri na kuunganisha mambo, wasifungwe mapema katika somo moja dogo. Maprofesa wengi hawakumfuata, na mwaka 1930 aliondoka. Alikufa mwaka 1959, mwaka ule wa barua ya michezo minne, na wakati huo mtihani wa dakika 5 ulikuwa umekwisha kuzaa ukoo mkubwa kuliko alivyoweza kuhesabu.

Kwetu Kongo mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari uliwekwa mwaka 1967. Shule zilikuwa za namna nyingi, za misheni na za serikali, za mji na za porini, na ilitakiwa kipimo kimoja kwa wote. Vijana wetu wameiita siku hiyo kwa majina mengi, na matokeo yakitoka wanamwagiana poda nyeupe barabarani, na mama zao wanapiga vigelegele. Mtoto wa kijiji kisicho na barabara hupata swali lile lile la mtoto wa Kinshasa, na hakuna anayeuliza baba yake ni nani. Jambo hilo ndilo Kelly alilolitaka, na si dogo. Kama kijiji chake kilikuwa na mwalimu wa kumfundisha na kitabu cha kusoma, hilo karatasi haiulizi, na Bond angetukumbusha.

Lakini kabla ya siku zile nne iko kazi nyingine, ambayo wanafunzi huifanya majuma kadhaa mbele: insha ya Kifaransa, wanayoiita disertasio. Wanapewa jambo moja, wanaandika kurasa, kila mmoja kwa kichwa chake. Hapo hakuna namba za kuchagua, na sindano ya umeme haina la kufanya. Madaftari yanakusanywa, yanafungwa, yanapelekwa kwa waalimu. Mwalimu anaketi, anavuta rundo karibu na taa, anafungua la kwanza, anasoma mpaka mwisho, anashika kalamu nyekundu, kisha anasita: atoe 6 au 7?